Nusu ya Nyumba Gizani

Juma hili twaacha kidogo mambo ya bustani na ya mapishi, tupate kuzungumza juu ya umeme wa nyumbani. Wengi wetu tukaao mijini twautumia kila siku, na wengi wetu hatuujui. Ukiwapo, twabonyeza swichi. Usipokuwapo, twanung'unika. Lakini iko hali ya tatu, nayo ndiyo iwadanganyayo watu zaidi: ni pale umeme unapokatika nusu.

Jambo hilo lilitupata nyumbani mwetu hapa Lubumbashi, katika mtaa wa Karavia, ule wenye jina moja na hoteli kubwa iliyo kando ya ziwa. Ilikuwa jioni ya Jumatatu, mwezi wa Februari, wakati wa mvua. Mama wa nyumba alikuwa akisonga bukari juu ya resho, na watoto walikuwa mezani na madaftari yao. Radi ikapiga mara moja, wala si kwa nguvu sana. Taa ya jikoni ikazimika, resho ikaanza kupoa, na chumba cha kukaa kikawa giza. Lakini vyumba vya kulala viliendelea kung'aa kama kwamba hakuna lililotokea.

Kijana wetu wa darasa la tano akaita: "Baba, umeme umekatika nusu!" Dada yake akamcheka, akasema umeme si mkate hata ukatwe nusu. Lakini kijana ndiye aliyesema kweli, na tukamwambia hivyo mbele ya dada yake.

Ili kuelewa, yafaa tuufuate umeme tangu utokako. Hapa Katanga maji ndiyo yatupatiayo nguvu hiyo tangu zamani. Bwawa la Mwadingusha, katika mto Lufira, lilianza kazi mwaka 1930, kwa ajili ya migodi na viwanda vya shaba. Likafuata la Koni katika mto huo huo mwaka 1950. Kisha Nzilo mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956, yote mawili katika mto Lualaba. Baadaye, katika miaka ya mwanzo ya 1980, ukaja na umeme wa Inga, ukisafiri karibu kilometa 1,700 juu ya nguzo za chuma mpaka Kolwezi. Katika safari hizo ndefu umeme huwa na nguvu kubwa mno, hata hauwezi kuingia nyumbani mwa mtu. Kwa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo, na mara ya mwisho hupunguzwa mtaani kwetu, ndani ya kile kijumba chenye transfoma ambacho sote twakiita kabini.

Basi, tazama vizuri yatokayo kabini, kwa maana hapo ndipo siri ilipo. Zatoka nyaya nne. Tatu ni nyaya za moto, ambazo mafundi huziita fazi. Wa nne ni nyutro, yaani waya wa kurudia. Ukichukua fazi moja pamoja na nyutro wapata volti 220, zitoshazo taa, redio, pasi na friji. Ukichukua fazi mbili pamoja wapata volti 380, nazo huua vyombo vya nyumbani mara moja. Nyumba nyingi hupewa fazi moja tu: nyumba ya kwanza hii, ya pili ile, ya tatu nyingine, ili mzigo ugawanyike. Nyumba nyingine huletewa fazi zote tatu. Yetu ni mojawapo, kwa sababu aliyeijenga alikuwa na mashine ya kuchomelea vyuma uani. Jiko na chumba cha kukaa viko juu ya fazi ya kwanza, vyumba vya kulala juu ya pili, banda la uani juu ya tatu.

Sasa kila mwanafunzi aweza kujibu mwenyewe: nyumba ya fazi tatu ikipotewa na moja, itakuwaje? Na mtaa je? Katika mtaa, nyumba moja itakuwa giza, mbili zitawaka, tena moja giza, mbili zitawaka, au karibu na hivyo. Ndiyo maana mtu mwenye akili, nyumba yake ikiwa nusu giza, haendi kwanza kwenye ubao wa umeme. Huenda mlangoni, akatazama kwa jirani.

Tulifanya hivyo. Jirani wa kushoto, mama mmoja mjane auzaye samaki wa barafu, alikuwa gizani kabisa. Wa kulia alikuwa na taa. Ng'ambo ya njia nyumba mbili zilikuwa na taa, ya tatu haina. Hata hivyo tukarudi kutazama ubao wetu, kwa maana mambo mawili huweza kutokea pamoja. Vikata umeme vyote, vile ambavyo mafundi wetu huviita disjonkta, vilikuwa vimesimama. Hakuna kilichoanguka. Basi kosa halikuwa letu. Lilikuwa nje, kati ya kabini na mlingoti.

Kama tungalikuta kimoja kimeanguka, na majirani wote wanang'aa, kosa lingalikuwa ndani, na dawa yake ni nyingine. Hapo twachomoa vyombo vyote vya upande ule wenye giza: friji, pasi, redio, hata chaja ya simu. Kisha twainua disjonkta mara moja. Ikisimama, twachomeka chombo kimoja, twangoja kidogo, twachomeka cha pili. Kile kitakachoiangusha ndicho chenye ugonjwa, nacho kitoke nyumbani. Ikianguka ingawa hakuna kilichochomekwa, ugonjwa uko katika waya wa ukutani au katika taa, na hapo kazi yetu imekwisha, aitwe fundi. Kuinua mara ya tatu na ya nne, au kuifunga kwa kamba isianguke, ni kumziba mdomo mlinzi apigaye kelele.

Yafaa pia kupiga hesabu, maana mara nyingi hakuna chombo kibovu hata kimoja, ila vimekutana vingi. Resho ya wati 2,000 hula karibu amperi 9 kwa volti 220. Birika la umeme la wati 2,000 hula 9 nyingine. Pasi ya wati 1,000 hula 4 na nusu. Jumla zapita 22, na disjonkta ya matundu ya ukutani aghalabu ni ya amperi 16. Lazima ianguke, nayo imetenda haki. Wako waondoao fyuzi iliyoungua na kutia mahali pake msumari, au waya mnene wa shaba, kisha hujisifu kwamba tangu siku hiyo haiungui tena. Ni kweli haiungui. Waya wa ukutani ndio utakaoungua badala yake, usiku, watu wamelala.

Na ikiwa hakuna kilichoanguka, majirani wana taa, lakini chumba kimoja chako ni giza? Hapo shaka iko kwenye kiungo kilicholegea: skrubu ya tundu la ukutani, swichi, au mahali nyaya mbili zilipopotolewa pamoja. Gusa ukuta kando ya tundu kwa mgongo wa mkono. Je, una joto? Plastiki imekuwa nyeusi? Nyumba yanuka kama samaki, na siku hiyo hamkupika samaki? Plastiki iliyopata moto hunuka hivyo pengine, nasi twawajua watu waliomfukuza paka bure. Zima umeme wa upande huo, ubaki umezimwa mpaka fundi afike.

Liko tatizo moja ambalo twaomba kila mama na kila mtoto mkubwa alijue, kwa kuwa lenyewe halingoji. Ukiona taa za chumba kimoja zinang'aa kupita kiasi, nyeupe kabisa, na za chumba kingine zimefifia kama mshumaa, wala usiende kwa jirani, wala usichomoe kimoja kimoja. Shusha disjonkta kubwa mara moja, giza liwe nyumba nzima. Huo ni waya wa nyutro umekatika. Ukikosa njia ya kurudia, umeme hupita katika vyombo vya fazi moja na kurudia katika vyombo vya fazi nyingine, na zile volti 380 hugawanywa kati yao bila usawa: hapa 120, kule 260, au zaidi. Hatari hiyo huifikia hata nyumba ya fazi moja, ikiwa nyutro imekatika huko njiani. Friji huungua kwa dakika chache.

Turudi kwa Jumatatu yetu. Kwetu haikuwa nyutro. Ilikuwa fazi moja tu imelala. Tulipeleka sufuria ya bukari kwenye jiko la makaa, tukala, tukalala. Tulisema moyoni: kesho watu wa umeme watakuja.

Jumanne asubuhi mwenye kinu cha mahindi, mwisho wa njia yetu, alifungua mlango wake kama kawaida. Alikuwa na taa, kwa hiyo alidhani ana umeme. Lakini mota ya kinu yataka fazi tatu. Alipoiwasha ikanguruma bila kuzunguka. Akaizima, akaiwasha tena, akausukuma mkanda kwa mkono, jambo ambalo hata mota ikiwa nzima ni la kuhatarisha vidole. Mara ya nne ukatoka moshi. Mota ya fazi tatu ikikosa moja, zile mbili zilizobaki hubeba mzigo wote na nyaya zake za ndani huungua. Iliwapasa akina mama waliokuja na vikapu vya mahindi wajitwike tena, waende mbali.

Saa nne hivi akaja kwetu yule mjane. Nyumba yake ina fazi moja tu, nayo ndiyo iliyolala. Friza yake ilikuwa imejaa samaki aliowanunua Jumamosi kwa fedha ya mkopo. Pamoja naye alikuwa kijana mmoja wa mtaani ajuaye mambo ya waya. Kijana akasema: "Mwalimu, dawa ni rahisi. Fazi ya pili ni nzima. Nitapanda mlingoti, niwahamishe wote wenye giza juu ya fazi ile. Kila nyumba itoe kidogo."

Wasomaji wa miji yetu hawana haja ya kuelezwa; jambo hilo wamelizoea. Tulimwambia kijana sababu mbili za kukataa. Ya kwanza ni maisha yake: mlingoti ulikuwa umelowa, na waya uliolala si waya uliokufa, waweza kuamka wakati wowote, mkono wake ungali juu yake. Ya pili ni hesabu. Kila fazi ina fyuzi yake pale kabini, iliyopimwa kwa nyumba zake. Zikiongezwa nyumba sita, kila moja na resho ya wati 2,000 saa za jioni, umeongeza zaidi ya amperi 54 juu ya mzigo uliokuwapo.

Mjane alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu: "Mwalimu, umesema vema. Lakini samaki hawangoji mafundisho."

Twakiri tulinyamaza. Kumkataza mtu dawa mbaya bila kumwonyesha dawa nyingine ni kazi ya mikono mitupu. Mama wa nyumba ndiye aliyetutoa katika aibu hiyo. Alisema: "Chumba chetu cha kulala kina umeme. Leteni friza." Watu wanne wakaibeba, wima, bila kuilaza, ikasimama nusu saa itulie kabla ya kuwashwa. Tukaichomeka katika tundu la ukutani lenyewe, wala si kwa waya mwembamba wa kuungia. Na mama wa nyumba akaweka sheria moja: mfuniko usifunguliwe ila asubuhi, mara moja, kutoa samaki wa kuuza siku hiyo. Friza iliyojaa, ikiwa haifunguliwi, huweza kutunza baridi yake saa 48 hata bila umeme. Iliyojaa nusu, saa 24. Lakini mwenye wasiwasi huifungua kila mara kutazama kama baridi ingaliko, na kwa kutazama huko huitoa nje. Usiku ule tulilala na samaki. Hatutasema zaidi juu ya harufu.

Kijana alikwenda kwa wengine. Jumatano mchana nyumba sita zilikuwa zimehamishwa, na twamshukuru Mungu kwamba alishuka salama. Jioni ile watu walitucheka kidogo, maana kwao kulikuwa na mwanga hata jikoni, na sisi tulikuwa tukipuliza makaa. Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu, kila nyumba ilipokuwa imeweka sufuria juu ya resho, ukasikika mlio mmoja kutoka upande wa kabini. Fazi ya pili ikazimika. Safari hii wakapotewa wote: wale sita, na wale waliokuwa juu ya fazi ile tangu mwanzo na ambao hawakuombwa ruhusa na mtu. Katika hao alikuwamo bibi mmoja mwenye mgonjwa nyumbani. Chumba chetu cha kulala pia kikawa giza, na friza ikanyamaza.

Ijumaa asubuhi tulikwenda wenyewe kwenye ofisi ya umeme. Karani akafungua daftari, akauliza: "Tangu lini?" Tukasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Tangu Jumatatu jioni!" Akarudisha kurasa moja moja, akilifuata kila jina kwa kidole. Jumanne, hakuna. Jumatano, hakuna. Alhamisi, hakuna. Katika njia yetu nzima hakuna hata mmoja aliyekwenda kuandikisha. Mjane alidhani Mwalimu amekwenda, kwa sababu ndiye ajuaye kusema na watu wa ofisi. Mwenye kinu alidhani wale sita wamekwenda. Wale sita walikuwa na taa. Nasi, tuliokuwa tumewaeleza watu wote habari za fazi na nyutro, tulidhani mtu mwingine amekwenda, au kwamba watu wa umeme hujua wenyewe. Hawajui. Transfoma ikifa mtaa mzima hulia. Lakini fazi moja ya njia moja ikilala, kule ofisini hakuna kengele ipigayo.

Karani akauliza tena: "Kabini namba ngapi?" Hatukujua. Tulikuwa tumeipita kila Jumapili tukienda Misa, kwa miaka saba.

Mafundi walifika saa tisa alasiri. Walizima kwanza, wakapima, ndipo wakapanda. Kosa la Jumatatu lilikuwa kibano kimoja juu ya mlingoti, mahali waya wa shaba ulipokutana na waya wa alumini. Viungo vya namna hiyo huliwa na kutu upesi kama havikutengenezwa kwa kibano kinachofaa, na mshtuko mdogo huvimaliza. Hawakukaa juu hata nusu saa. Kazi iliyowachelewesha ilikuwa kuzirudisha zile nyumba sita mahali pake na kuibadili fyuzi ya kabini.

Tulipofungua friza jioni, samaki wa juu walikuwa wamelegea kidogo, wa chini walikuwa mawe. Mjane hata hivyo alichukua nusu yao akawatia chumvi na kuwaanika juu ya moshi, akisema ameujua umeme sasa, hauamini tena. Mwenye kinu alisafiri na mota yake mgongoni mwa baiskeli mpaka kwa wasuka mota, na bei aliyotajiwa hatuwezi kuitaja hapa kwa huruma.

Kijana wetu wa darasa la tano alikwenda Jumamosi mpaka kabini, akasimama mbali na mlango wake kama tulivyomwagiza, akasoma namba iliyopakwa rangi juu yake. Akarudi, akaiandika kwa makaa nyuma ya mlango wa jikoni, kwa tarakimu kubwa kama za ubao wa shule. Mama wa nyumba alikasirika kwa ajili ya rangi ya mlango. Lakini mpaka leo hajaifuta.